Mlima Hauchagui Silinda

Ukitaka kujua mji wetu wa Sake, huku mashariki ya Kongo, una mafundi wangapi wa magari, simama kando ya barabara ufungue boneti. Muuza makayabu, samaki wa chumvi, atafika akiwa amekunja mikono ya shati. Kinyozi ataacha kichwa cha mteja kimenyolewa nusu. Hata aliyekuja kukudai pesa za makaa atasahau deni kwa muda, ainame juu ya injini na kuguna kwa masikitiko. Hakuna atakayeuliza gari linaumwa nini, maana wote wanajua tayari. Kinachobaki ni kila mmoja kutaja ugonjwa wake, na wewe kutafuta pesa.

Gari lenyewe ni Toyota Celica ya mwaka 1987. Ina milango miwili, usukani uko kulia kama walivyopenda Wajapani, na taa za mbele ni zile zinazochomoza zikiwashwa na kujificha zikizimwa. Yangu moja huchomoza, ya pili iliamua kulala, kwa hiyo usiku gari langu linakonyeza watu barabarani, na nimeshaulizwa maswali na wanaume wawili watatu kuhusu wake zao.

Usiniulize gari la namna hiyo linatafuta nini Masisi. Muulize mjomba wangu. Yeye alikuwa akinunua kasiteriti, mawe ya bati, upande wa Walikale, enzi zile wapagazi walipokuwa wakitoka machimbo ya Bisie na mizigo ya kilo 50 mgongoni, wakikata msitu hadi Njingala, na ndege zikitua Kilambo juu ya lami ya barabara kuyapakia mawe na kuyaleta Goma. Mjomba aliiona lami ya Kilambo, nyeusi, iliyonyooka, akaanza kuota gari la mbio. Hakufikiri kwamba lami ile ina mwenyewe, na mwenyewe ana mabawa. Akainunua Celica Kampala mwaka 2010. Septemba ya mwaka huohuo Rais Joseph Kabila akafunga uchimbaji wa madini katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, na marufuku ikadumu hadi Machi 2011. Mjomba alikuwa na deni langu. Deni likalipwa kwa Celica. Wenzangu hulipwa ng'ombe.

Kabla hamjacheka, sikilizeni ukoo wa gari hili. Celica zilishinda mbio za Safari Rally za Kenya mara tatu mfululizo: 1984 na 1986 zikiendeshwa na Björn Waldegård, na katikati, 1985, na Juha Kankkunen. Ni kweli zile zilikuwa na turbo na zilisukumwa na magurudumu ya nyuma, na yangu haina turbo na inavutwa na ya mbele, kwa hiyo undugu wao umebaki kwenye jina. Lakini injini yangu ni 3S-GE ya lita mbili, valvu 16, kichwa kilichobuniwa pamoja na Yamaha. Mtu wa ukoo huo hategemei kupitwa na chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, kwenye mpando wa Mushaki. Sisemi mteremko, maana kwenye mteremko chukudu humpita kila mtu na breki yake ni kiatu. Nasema mpando, likisukumwa na vijana wawili waliokuwa wakizungumza habari za mpira.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi. Likisimama likiwaka, gari linatetemeka mpaka kioo cha pembeni kinageuka kuangalia chini. Ukikanyaga, linasita, linaruka kidogo, halafu linakumbuka kazi. Mlimani nguvu hakuna.

Wa kwanza kunitibu alisema ni mlima. “Papa, huku juu hewa ni kidogo. Motere inachoka sawa mutu.” Hilo la hewa ni kweli, na ndiyo maana linaudhi. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda, na vilima vya Masisi vinapita mita 2,000. Ila hewa ikipungua, inapungua kwa silinda zote nne. Mlima hauchagui silinda. Gari linalosumbuliwa na mlima hupanda polepole lakini kwa adabu. Langu lilikuwa linachechemea, na anayechechemea huwa anaumwa mguu mmoja. Tena nikilishusha hadi kando ya ziwa lilichechemea vilevile. Nikamweleza haya yote. Akafikiri, akaniambia basi limeshazoea mlima.

Wa pili alikuwa fundi kweli, mwenye garaji, maana yake ana mkaratusi na kipande cha turubai. Huyu hatibu kwa maneno, hutibu kwa kubadilisha. Alibadilisha buji zinazotoa cheche. Gari likatetemeka. Akabadilisha nyaya za buji, kisha kifuniko cha distribyuta, kisha filta, kisha akaanza kuitazama pampu ya mafuta kwa jicho ambalo nililijua. Kila alichokitoa kilikuwa kizima, na kila kizima kilibaki garajini “kwa kuchunguzwa.” Nadhani sehemu za gari langu sasa zinatembea Kitshanga na Minova, zikiwa na afya njema, ndani ya magari ya watu wengine. Alipoishiwa vitu vya kubadilisha akapendekeza tuing'oe mitambo yote ya injekta na tufunge karbureta. Wanaume wa rika lake wote wana hamu ya karbureta. Walikuwa wanaifungua kwa bisibisi, wanaipuliza kwa mdomo, wanajifuta mikono na kupokea pesa. Bosch walipoanza kuweka mitambo ya umeme ya kupulizia petroli kwenye Volkswagen mwaka 1967, waliwanyang'anya raha hiyo, na mpaka leo hawajasamehe.

Halafu akaja kijana wa skana. Alikuwa na simu kubwa, programu ya kusoma magari, na kidude cha kuchomeka chini ya dashibodi. Akapiga magoti upande wa kushoto, akakuta miguu ya abiria. Akazunguka upande wa kulia, akaingiza kichwa, kisha mabega, mwisho tukawa tunaona viatu tu. Tundu halikuwepo. Mfumo anaoujua yeye ulilazimishwa kwa magari ya Marekani kuanzia mwaka 1996, na Celica yangu ilitoka kiwandani miaka 9 kabla. Toyota za umri huu husomwa kwa kipande cha waya: unaunganisha vitundu viwili, T na E1, kwenye kisanduku kilichomo ndani ya boneti, unafungua swichi bila kuwasha injini, kisha unahesabu taa ya injini inavyopepesa. Tukafanya hivyo. Taa ikapepesa sawasawa bila kusita, yaani kompyuta inasema hakuna tatizo lolote. Kompyuta ya enzi zile inajua kwamba imetoa amri. Kama mafuta yalitoka kweli, haiendi kuangalia. Nimefanya kazi chini ya wakubwa wa namna hiyo. Kijana alidai pesa ya skana hata hivyo, kwa kuwa amechafua shati.

Yote haya yangevumilika kama pasingekuwa na barieri. Anayeijua njia ya Masisi na ya Walikale anazijua: kamba, fito mbili, kibanda cha majani, na watu ambao leo wamevaa hivi na mwezi ujao wanaweza kuvaa vingine. Sheria ya barieri ni moja: fika polepole, simama, injini iwake kwa utulivu, mikono ionekane. Sasa gari langu likitulia ndipo linapozimika. Likizimika mbele ya kamba, wao wanadhani unaleta ujanja. Ukiliwasha kwa kulikanyaga ili lisizime tena, wanadhani unataka kukimbia. Siku moja mmoja wao, bunduki begani, alifungua boneti mwenyewe, akaangalia kwa muda mrefu na kusema, “Hii ni filta.” Filta ilikuwa mpya. Sikumpinga. Ndiye mtu pekee ambaye niliukubali uchunguzi wake bila mjadala, na nikamlipa pia.

Shemeji yangu alisema ni jirani. Sitaeleza zaidi, jirani anajua kusoma.

Katika watu wote hao, aliyeuliza swali alikuwa fundi wa simu. Nilikwenda kwake kwa ajili ya simu, akanikuta nanuna, akauliza, “Muzee, inatetemeka kwa silinda zote ao kwa moja?” Nikataka kumkumbatia. Kijana huyo hana habari na magari, ila kazi yake imemfundisha kupima kabla ya kufungua, kwa sababu akibadilisha kioo kizima cha simu kwa kubahatisha, hasara ni yake. Ya gari huwa ni yangu. Alifunga kibanda, akaja na mita yake ya kupimia umeme.

Injekta, kwa wasioijua, ni kibomba kifupi chenye sumaku ya umeme, sindano, na kichujio kidogo sana kooni. Petroli inasubiri nyuma yake kwa msukumo wa baa mbili na nusu hadi tatu. Kompyuta ikiruhusu, sindano inanyanyuka kwa sehemu mbili au tatu za elfu ya sekunde injini ikiwa imetulia, petroli inapulizwa ikiwa ukungu, sindano inarudi. Kitu kinachofanya kazi kwa kipimo hicho hakihitaji msiba mkubwa kuharibika. Kinahitaji mchanga usioonekana.

Na mchanga tunao. Petroli ya huku hainywewi kituoni, inanywewa chupani, kwa kadhafi, muuza mafuta wa kando ya barabara. Imetoka kwenye lori ikaingia kwenye pipa, ikatoka kwenye pipa ikaingia kwenye bidoni ya njano iliyowahi kubeba mawese, kisha kwenye chupa ya maji, kisha kwenye faneli iliyokatwa kutoka kwenye chupa nyingine, kisha kwangu. Kila kituo kimeongeza chake: vumbi la lava, maji ya mvua, nyuzi za kitambaa cha kuchujia. Ukielekea Walikale hali inazidi, kwa sababu bidoni hiyo imepanda pikipiki na kuanguka nayo kwenye matope. Kadhafi wangu ninapomlalamikia hunijibu kwamba Land Cruiser za mashirika hazilalamiki. Nyingi zao zinakunywa mazutu, si petroli, lakini hilo halimhusu.

Tukaanza. Fundi wa turubai alikuja pia, bila kuitwa, kulinda heshima ya taaluma. Yeye alitaka tuchomoe nyaya za buji moja moja injini ikiwaka, kama alivyofundishwa, na akachomoa ya kwanza, na umeme ukampiga hadi kiwiko, na muuza makayabu akacheka vibaya. Nikaomba tuziache buji, tuchomoe plagi za injekta. Injini ya silinda nne ni kama kwaya ya watu wanne ambamo mmoja anafungua mdomo bila kuimba. Ukiwasikiliza pamoja humjui. Mnyamazishe mmoja mmoja: ukimnyamazisha mwimbaji, wimbo unapwaya, ukimnyamazisha mdanganyifu, hakuna atakayegundua. Tukachomoa plagi ya injekta ya kwanza, injini ikakaribia kuzima. Tukairudisha. Ya pili, vilevile. Ya nne, vilevile. Ya tatu tukaichomoa na injini ikaendelea na maisha yake, haikutetemeka zaidi wala kupungua.

Hapo umati ulitaka kwenda kusherehekea. Injekta ya tatu imekufa, lete nyingine! Lakini kilichojulikana mpaka hapo ni kwamba silinda ya tatu haifanyi kazi. Inaweza kuwa haipati cheche, au haina mbano, au haipati mafuta, au injekta haipati umeme. Kijana wa simu akapima waya za injekta. Za aina hii, zile za upinzani mkubwa, hutakiwa kuonyesha kati ya omu 12 na 16, na zote nne zilionyesha namba zinazokaribiana, pamoja na huyo wa tatu. Kisha tukachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye injekta, mpini sikioni. Zote nne zinagonga, tik tik tik. Hapa tulipoteza muda mwingi kwa sababu kila aliyekuwepo alitaka kusikiliza, foleni ikafanyika, na mama mmoja akamnyanyua mtoto wake ili naye asikie. Muuza makayabu alisikiliza akasema anasikia maji.

Kwa hiyo umeme unafika na sindano inaruka. Tukatoa buji ya tatu: ilikuwa kavu, nyeupe kama chaki, wakati wenzake wana rangi ya kahawia. Buji nyeupe ni dalili ya silinda yenye njaa. Tukaihamishia silinda ya pili pamoja na waya wake. Silinda ya pili ikafanya kazi vizuri na ya tatu ikaendelea kugoma. Basi cheche haina kosa. Mbano tulipima, zote sawa.

Ikabaki hatua ninayoipenda kuliko zote kwa sababu haihitaji kununua kitu: kubadilishana. Injekta ya tatu iende silinda ya kwanza, ya kwanza ije ya tatu. Ugonjwa ukihama, mgonjwa kajulikana. Ugonjwa ukibaki, mgonjwa ni mwingine. Tatizo ni kwamba ukifungua bomba la injekta petroli inaruka, na hatua chache kutoka garajini alikuwepo mama wa mahindi na mbabula yake ya makaa imekolea. Tukamwomba asogee. Akajibu kwamba yeye alikuwa hapo kabla ya gari, kabla ya garaji, na kabla ya mkaratusi kuwa mkubwa. Tukalisukuma gari. Fundi akatangaza kwamba mipira ya kuzuia uvujaji imechakaa na atakata mingine kutoka kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Nikakataa kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Mpira wa baiskeli ukikutana na petroli unavimba na kulegea, na petroli inayovuja juu ya injini ya moto hufanya jambo moja tu. Mipira inayofaa niliagiza Goma, na ilikuwa rahisi kuliko buji zote nilizokuwa nimenunulishwa bure.

Tukabadilishana, tukawasha. Silinda ya tatu ikaanza kuimba. Ya kwanza ikanyamaza.

Fundi wa turubai alisema ndivyo alivyokuwa akisema tangu mwanzo.

Kijana wa simu ana bafu dogo la mawimbi ya sauti, lile analooshea mbao za simu zilizoangukia majini. Tukaizamisha injekta humo, akaiunganisha na umeme wa kukatakata ili sindano iwe inafunguka na kufunga wakati inaoshwa. Uchafu uliotoka ulikuwa na rangi ya barabara ya Kilolirwe. Baadaye tukaijaribu juu ya chupa: zamani ilikuwa inatoa matone, sasa inapuliza, lakini inapuliza upande mmoja, na ikifungwa inaacha tone mdomoni. Gari limepata nafuu. Barieri tunapita bila kuzimika, ingawa bado tunakonyeza. Mushaki napanda na chukudu linabaki nyuma, mradi lenyewe halina haraka. Uzima kamili haupo, kwa sababu sindano iliyokwisha kulika hairudishwi na bafu.

Fundi amekwisha kuniletea injekta aliyoitoa kwenye Carina yenye injini ya 3S-FE. “Patro, iko sawa sawa.” Ni sawa kwa umbo. Kwa kiasi cha petroli inachomwaga kwa dakika si sawa hata kidogo, na ukiifunga moja kati ya tatu nyingine, unamrudisha yule asiyeimba kwa jina jipya. Nimemwambia aipeleke ilikotoka. Ameiacha juu ya kiti cha abiria na bili yake.

Ndugu zangu makadhafi wa Sake, Masisi na Walikale, chujeni petroli kwa kitu kingine kisicho kitenge kilichochakaa, na bidoni ya mawese ibaki na mawese. Na wewe msomaji, kama una injekta nzima ya 3S-GE, au nne zinazolingana, Goma, Bukavu, Kampala au Kigali, nitafute Sake, gari utaliona. Mwenye maoni tu abaki nayo, nafasi zimejaa.